Msukumo au Mvuto? Historia ya Istilahi ya Kanieneo ya Osmosisi na Umuhimu Wake Wakati wa Kipindupindu Kinama, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya istilahi ya kanieneo ya osmosisi tangu ilipozuka katika maabara za Ulaya za karne ya 18 na 19, ilivyoingia katika Kiswahili, na inavyohitajika katika mazingira ya kipindupindu, kwa kuangalia hasa mtaa wa Kinama ulio kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba istilahi hiyo ilizaliwa ikiwa na utata: tangu mwanzo haikuwa wazi kama inataja msukumo, mvuto au kipimo tu. Kiswahili kilipoitafsiri kilirithi utata huo, ilhali usemi wa kawaida kwamba chumvi huvuta maji ulikuwa umekwisha kubeba nusu ya maana kwa usahihi. Nusu iliyokosekana katika usemi huo ni kiasi. Makala yanaonesha kuwa katika kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mgonjwa wa kuharisha, kukosa nusu hiyo kunaweza kugharimu uhai. Yanapendekeza mgawanyo wa kazi baina ya maneno matatu: kanieneo, mvuto na ukolevu.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Januari 2023 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu jijini Bujumbura. Maeneo ya kaskazini mwa jiji yalikuwa miongoni mwa yaliyoguswa mapema. Kinama ni sehemu ya kaskazini hiyo. Ni mtaa wenye watu wengi, ulio jirani na Kamenge, na kiutawala umo ndani ya komine ya Ntahangwa. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya aina yake kandokando ya Ziwa Tanganyika, upatikanaji wa maji safi na vyoo ndio huamua ukali wa mlipuko kuliko dawa yoyote.

Hata hivyo, mlipuko ukishaanza, jambo jingine huingia kati, nalo ni lugha. Mkazi wa Kinama huzungumza Kirundi nyumbani. Katika biashara na katika mawasiliano na watu kutoka Kongo na Tanzania hutumia pia Kiswahili. Mtoto wake husoma madarasa ya mwanzo kwa Kirundi, kisha hujifunza sayansi kwa Kifaransa, huku Kiswahili na Kiingereza vikifundishwa kama masomo. Pakiti ya chumvi za kurudisha maji mwilini anayopewa kituoni hujulikana kwa kifupi cha Kifaransa, SRO. Kwa hiyo dhana moja ya kisayansi, ile inayoeleza kwa nini maji hutoka mwilini na kwa nini hurudi, humfikia mtu mmoja kupitia lugha tatu au nne, na kila lugha ina namna yake ya kuitaja.

Katika Kiswahili cha vitabu dhana hiyo huitwa kanieneo ya osmosisi. Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: istilahi hiyo inamaanisha nini, na inamsaidia nani? Ili kulijibu, inafaa kuanza na historia ya jina lenyewe, kwa kuwa utata uliomo katika Kiswahili haukuanzia katika Kiswahili.

2.0 Jina Lililozaliwa na Utata

Mwaka 1748, Mfaransa Jean-Antoine Nollet alifunika chombo kilichojaa pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, kisha akakizamisha ndani ya maji. Nia yake ilikuwa kuikinga pombe isiguswe na hewa. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimevimba na kutuna. Maji yalikuwa yameingia kupitia utando ule kwa wingi kuliko pombe ilivyotoka. Nollet aliliona tukio na kulieleza, lakini hakulipa jina.

Jina lilitolewa na Henri Dutrochet katika miaka ya 1820. Alichunguza mienendo ya maji katika mimea na wanyama, akabuni maneno mawili ya Kifaransa kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya msukumo: moja la kutaja msukumo wa kuingia ndani, jingine la kutaja msukumo wa kutoka nje. Mwaka 1854 mwanakemia Thomas Graham wa Uingereza aliviondoa viambishi vya ndani na nje, akabakiza shina peke yake. Kutokana na shina hilo lilipatikana neno ambalo leo Kiswahili hulitamka osmosisi.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Dutrochet alipochagua neno lenye maana ya msukumo, alikuwa tayari ametoa jibu kabla swali halijachunguzwa. Kinachosukuma ni nini? Je, maji husukumwa na kitu kilicho upande wa maji matupu, au huvutwa na kitu kilicho upande wa chumvi au sukari? Neno lilichagua upande mmoja, na kila lugha iliyolikopa ilibeba uchaguzi huo bila kuulizwa.

Neno kanieneo, kwa Kijerumani na lugha nyingine za Ulaya, lilipata nguvu mwaka 1877 kutokana na kazi ya mtaalamu wa mimea Wilhelm Pfeffer. Alitumia vyungu vidogo vya udongo ambavyo ndani ya vinyweleo vyake palitengenezwa utando wa kemikali unaopitisha maji na kuzuia sukari. Alijaza mmumunyo wa sukari, akaunganisha kipimo cha zebaki, kisha akazamisha chungu katika maji. Maji yaliingia, zebaki ikapanda, na hatimaye ikasimama. Mmumunyo wenye sukari asilimia moja tu uliinua zebaki zaidi ya nusu mita. Pfeffer sasa alikuwa na namba.

Namba hiyo ndiyo iliyomwezesha Mholanzi Jacobus van 't Hoff, katika miaka ya 1880, kuonesha kwamba kanieneo hiyo hutegemea idadi ya chembe zilizoyeyuka na halijoto, kwa kanuni inayofanana na ile ya gesi. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya kwanza ya Kemia mwaka 1901. Mholanzi mwenzake, Hugo de Vries, alikuwa akilinganisha mimumunyo kwa kutumia seli za mimea, na Hartog Jakob Hamburger akafanya hivyo kwa chembe nyekundu za damu. Kutokana na kazi hizo ilijulikana kwamba maji yenye takribani gramu 9 za chumvi ya kawaida kwa lita hayaivimbishi wala kuinyausha chembe ya damu.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne ya 19, istilahi ilikuwa na maana ya kiufundi iliyo bayana: kanieneo ya osmosisi ya mmumunyo ni kanieneo inayopaswa kuwekwa juu ya mmumunyo huo ili kuyazuia maji yasiingie kupitia utando. Ni kipimo cha kizuizi. Mmumunyo ulio ndani ya glasi mezani hausukumi chochote zaidi ya uzito wake. Hauna kanieneo ya osmosisi ya kuonekana mpaka ukutanishwe na maji kupitia utando. Jina linataja msukumo, lakini maana inataja kile ambacho kingehitajika ili kuuzuia mwendo. Wanafunzi wa lugha zote wamejikwaa hapo, na walimu wao pia.

3.0 Safari ya Kuingia katika Kiswahili

Ukuzaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili ulipata msukumo wa kitaasisi baada ya uhuru. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikafanya kazi kubwa ya kamusi za fani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia elimu ya sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, lakini maandalizi ya msamiati yaliendelea, na mwaka 1990 Taasisi hiyo ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia.

Katika mkondo huo neno kanieneo lilijipatia nafasi. Muundo wake ni wa kupendeza kwa mtaalamu: kani, yaani nguvu, imeunganishwa na eneo. Anayelisoma neno hupata fasili ya fizikia ndani yake, kwa sababu kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo inamofanya kazi. Lugha nyingi kubwa hazina neno linalojieleza kwa namna hiyo.

Hata hivyo kanieneo haikuwa peke yake. Mgandamizo ulitumika na unaendelea kutumika katika maandishi kadhaa. Shinikizo lilishika nafasi katika tiba, hasa katika shinikizo la damu. Mitaani, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, presha ilizishinda zote. Bujumbura na mashariki mwa Kongo, ambako lugha ya hospitali ni Kifaransa, ugonjwa huohuo hutajwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mvutano. Neno osmosisi lenyewe lilikopwa kwa sauti, likapewa irabu ya mwisho, na kuachwa bila tafsiri.

Matokeo yake ni istilahi yenye nusu mbili zisizolingana. Nusu ya kwanza, kanieneo, ina uwazi kiasi cha kumfanya msomaji aamini kwamba ameielewa. Nusu ya pili, osmosisi, haina uwazi wowote. Msomaji hushika ile iliyo wazi na kudhani kwamba mmumunyo unasukuma.

Mfano wa damu unaonesha hatari ya dhana hiyo. Kanieneo ya osmosisi ya damu ya binadamu, ikikokotolewa kwa kanuni ya van 't Hoff, huzidi mara saba ya kanieneo ya angahewa, yaani takribani milimita 5,600 za zebaki. Kanieneo ambayo muuguzi huipima mkononi kwa mtu mzima mwenye afya ni karibu milimita 120 moyo unaposukuma. Mtu anayetumia neno moja kwa mambo haya mawili atashangaa kwa nini mishipa haipasuki. Haipasuki kwa sababu namba ile ya kwanza haielezi msukumo uliopo ndani ya mishipa. Inaeleza ni kiasi gani damu ingeyavuta maji matupu kama ingekutanishwa nayo kupitia utando. Damu haikutani na maji matupu, bali na maji ya mwili yenye chembe zinazokaribiana nayo kwa wingi.

4.0 Maarifa ya Chumvi Kabla ya Istilahi

Katika aya iliyotangulia kitenzi vuta kimeingia chenyewe, na hakikuingia kwa bahati. Wasemaji wa Kiswahili wamekuwa wakisema kwamba chumvi huvuta maji tangu kabla ya kamusi za sayansi. Chumvi iliyoachwa wazi msimu wa mvua hulowa. Pwani, papa na samaki wengine hupasuliwa, hutiwa chumvi na kukaushwa wakawa ng'onda. Chumvi huyatoa maji ndani ya nyama, na samaki hudumu miezi bila kuoza. Mpishi anayetia chumvi kwenye bilinganya au majani machungu huona maji yakitiririka. Haya yote ni osmosisi au ni jamaa zake wa karibu.

Katika eneo la Ziwa Tanganyika, chumvi ilikuwa bidhaa yenye thamani kubwa. Chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zilitumika tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo, kama uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulivyoonesha. Katika karne ya 19 chumvi ya Uvinza ilifika mbali, kwenye fukwe za ziwa na nchi zilizolizunguka. Watu waliosafiri siku nyingi kwa ajili ya kifurushi cha chumvi walizijua tabia zake vyema.

Usemi kwamba chumvi huvuta maji una sifa ambayo istilahi ya kitabuni haina: unaonesha mwelekeo. Anayeusema anajua maji yatakwenda upande gani. Yatakwenda kule chumvi iliko nyingi. Ukiulizwa kama ni sahihi kwa mizani ya fizikia, jibu ni kwamba neno kuvuta ni la kitamathali, lakini neno kusukuma alilolichagua Dutrochet nalo ni la kitamathali vilevile. Tofauti ni kwamba tamathali ya Kiswahili inamwongoza msemaji kwenye tokeo sahihi kila mara.

Upungufu wa usemi huo uko kwingine. Hausemi ni chumvi kiasi gani. Kwa mvuvi anayetengeneza ng'onda upungufu huo hauna madhara, kwa kuwa chumvi ikizidi samaki atakauka zaidi. Kwa mtoto mgonjwa, hali ni tofauti kabisa.

5.0 Kipindupindu: Mahali Ambapo Neno Hugusa Uhai

5.1 Ugonjwa wa maji yanayofuata chumvi

Kipindupindu si kigeni katika Afrika Mashariki. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya ugonjwa huo katika eneo hili, akifuatilia jinsi ule uliofika Unguja mwaka 1869 ulivyosafiri na misafara ya biashara. Jina la Kiswahili limejengwa kwa kurudufu mzizi wenye maana ya kupinda na kugeuza, na linamkumbusha msikilizaji mwili unaojikunja kwa maumivu ya misuli. Maumivu hayo yenyewe ni dalili ya maji na chumvi kupotea.

Wimbi la sasa lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970 na kuingia Burundi mwaka 1978. Tangu hapo bonde la Rusizi na ufuko wa Tanganyika yamekuwa makao ya kudumu ya ugonjwa huu.

Namna unavyoua hueleweka kwa sentensi moja: maji hufuata chumvi. Sumu ya bakteria huzilazimisha seli za utumbo kumwaga ioni za chumvi ndani ya utumbo. Chumvi ikishatoka, maji hutoka nyuma yake, na mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Kwa karne nzima madaktari walijaribu kuyarudisha kupitia mshipa. Thomas Latta alifanya hivyo Scotland mwaka 1832. Mwanzoni mwa karne ya 20 Leonard Rogers huko Calcutta alitumia mimumunyo yenye chumvi nyingi kuliko damu na kupunguza vifo. Lakini njia ya mshipa ilihitaji sindano, chupa safi na mtaalamu.

Tiba ya mdomoni ilitokana na sentensi ileile ikisomwa kinyume. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo mdogo, sukari ya glukosi na sodiamu huingia pamoja kupitia mlango mmoja. Mlango huo haufungwi na sumu ya kipindupindu. Mgonjwa akinywa maji yenye sukari na chumvi kwa uwiano unaofaa, sukari huiingiza chumvi, na maji huifuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mshipani, akaamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa kunywa. Vifo miongoni mwa waliohudumiwa vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Katika Maziwa Makuu, gharama ya kutofikisha maji hayo kwa wakati ilionekana Goma mwezi Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipokufa kwa makumi ya maelfu ndani ya wiki chache, wengi wao kwa kipindupindu. Kinama yenyewe wakati huo ilikuwa katika msukosuko wake. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Kamenge na Kinama yaligeuka uwanja wa mapigano, na wakazi wengi walikimbia.

5.2 Kiasi

Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF vilitangaza kubadilisha muundo wa pakiti za SRO. Mmumunyo wa zamani ulikuwa na jumla ya miliosmoli 311 kwa lita. Mpya una 245. Sodiamu ilipunguzwa kutoka milimoli 90 hadi 75, na glukosi kutoka 111 hadi 75. Pakiti mpya ya lita moja ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitreti na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu.

Sababu ya mabadiliko hayo ndiyo kiini cha makala haya. Damu ina takribani miliosmoli 290 kwa lita. Mmumunyo wa zamani ulikuwa juu kidogo ya kiwango hicho, na kwa hiyo ulichelewesha maji kuingia mwilini. Ule mpya uko chini yake, na huyaachia maji yaingie kwa wepesi. Aliyeifahamu istilahi vizuri alielewa kwamba kupunguza dawa ndani ya pakiti kuliiongezea pakiti uwezo. Aliyedhani kwamba dawa nyingi ni dawa kali angeona kwamba amepunjwa.

Pale ambapo pakiti haipatikani, maelekezo yanayotumika sana ni lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kilele. Mama akikumbuka namba akasahau mpangilio, akaweka vijiko sita vya chumvi na nusu ya sukari, lita ile itakuwa na gramu 30 au zaidi za chumvi. Atakuwa ametengeneza, jikoni Kinama, maji yanayokaribia ukali wa Bahari ya Hindi. Kwa nguvu ileile inayokausha ng'onda, maji hayo yatayatoa maji mengine mwilini mwa mtoto badala ya kumrudishia. Hata kosa dogo kuliko hilo, kama kijiko chenye kilele badala ya nusu iliyosawazishwa, au lita moja iliyopimwa kwa chupa isiyo ya lita, hupandisha kiwango mahali pa hatari. Vinywaji baridi vyenye sukari nyingi navyo huongeza kuharisha kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa sukari nayo huvuta maji.

Neno chumvi lenyewe huongeza mtego. Kikemia, chumvi ni jamii nzima ya misombo, na ndiyo maana pakiti huitwa chumvi za kurudisha maji. Jikoni, chumvi ni moja. Anayeambiwa kwamba mtoto anahitaji chumvi anaweza kwa nia njema kabisa kuongeza ile ya jikoni ndani ya pakiti iliyokwisha kupimwa kiwandani.

5.3 Lugha zinazokutana ziwani

Mwezi Mei 2015, kufuatia machafuko ya kisiasa Burundi, makumi ya maelfu ya wakimbizi walijazana katika kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, kwenye ufuko mwembamba kati ya milima na ziwa. Wengi waliondolewa hapo kwa meli, ikiwemo MV Liemba. Kipindupindu kilizuka, na kufikia mwishoni mwa mwezi huo takribani watu 3,000 walikuwa wameugua na 31 wamefariki. Wahudumu wa Tanzania walifunzwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Wagonjwa walizungumza Kirundi. Kiha, lugha ya Kigoma iliyo ndugu wa Kirundi, ilisaidia kuziba pengo, na Kiswahili kilikuwa daraja kwa wale waliokijua kupitia biashara au maisha ya ukimbizi ya awali.

Katika mazingira hayo hakuna anayetamka kanieneo ya osmosisi, wala hapaswi kuitamka. Lakini kila elekezo linalotolewa, changanya hivi, usiongeze, usipunguze, ni tafsiri ya istilahi hiyo. Tafsiri ikiwa na mwelekeo bila kiasi, au kiasi bila sababu, haidumu kichwani. Mtu hukumbuka vyema namba anayojua kwa nini ipo.

6.0 Mjadala: Maneno Matatu, Kazi Tatu

Inaweza kudaiwa kwamba utata ulioelezwa unatibika kwa kubadilisha istilahi, kwa mfano kuiita mvuto wa osmosisi na kuachana na kanieneo. Makala haya hayaungi mkono njia hiyo. Kanieneo imekwisha kuzoeleka, inapimika kwa vipimo vya fizikia, na inalingana na istilahi za Kifaransa na Kiingereza ambazo mwanafunzi wa Bujumbura atakutana nazo. Kuibadilisha kungeongeza jina jingine juu ya yale manne ambayo tayari yanashindana.

Kinachofaa ni mgawanyo wa kazi. Kanieneo ya osmosisi ibaki istilahi ya fizikia na kemia, ikifasiliwa wazi kama kanieneo ya kuyazuia maji yasiingie, ili mwanafunzi asiichanganye na shinikizo la damu. Mvuto utumike kufundishia mwelekeo: maji huelekea kwenye chumvi au sukari nyingi. Kwa ajili ya kiasi, Kiswahili kina kitenzi cha jikoni kinachofaa kuliko kingine chochote, nacho ni kolea. Mchuzi hukolea chumvi. Ukipungua huwa dufu, ukizidi haulikiki. Nomino yake, ukolevu, inabeba wazo la kipimo kinachofaa chenye mipaka ya chini na ya juu. Pakiti ya SRO ya mwaka 2002 inaweza kuelezwa kwa umma kuwa ni pakiti yenye ukolevu mdogo zaidi, usiozidi ule wa damu, na msikilizaji akaelewa kwa nini haifai kuongezwa chumvi.

Pendekezo hili lina uzito wa pekee kwa Burundi. Nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar. Usanifishaji wa istilahi za afya hauwezi kuendelea kufanywa kana kwamba wasomaji wote wametoka katika shule za Kiingereza. Msomaji wa Kinama huja na Kifaransa cha darasani na Kirundi cha nyumbani, ambamo chumvi huitwa umunyu na sukari huitwa isukari. Istilahi itakayomfaa ni ile inayoanzia kwenye tukio ambalo lugha zote hizo zinalijua: chumvi kulowa, samaki kukauka, mchuzi kukolea.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba kanieneo ya osmosisi ni jina lililotangulia uelewa. Dutrochet alichagua msukumo, Pfeffer akapima kizuizi, van 't Hoff akahesabu chembe, na maana tatu zikaishi ndani ya jina moja. Kiswahili kiliipokea nyumba hiyo ikiwa na wapangaji wake wote. Wakati huohuo wavuvi, wapishi na wafanyabiashara wa chumvi walikuwa na usemi wao ulioonesha mwelekeo bila kosa, lakini bila kipimo.

Mbele ya ndoo ya maji na kijiko, mama wa Kinama anahitaji vyote viwili. Anahitaji kujua kwamba maji hufuata chumvi, ili asikate tamaa ya kumnywesha mtoto anayeendelea kuharisha. Anahitaji pia kujua kwamba chumvi ikizidi itayafuatisha maji upande usiotakiwa. Kazi ya wanaistilahi ni kuhakikisha kwamba maarifa hayo yanamfikia katika maneno anayoweza kuyashika usiku, kabla hajamfikisha mtoto kituoni.